Mlango wa Wasafiri

Ilikuwa Jumanne, tarehe nne Machi, na manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri. Redio ya Taifa ilitangaza kwamba jua linawaka nchi nzima. Kwa sababu hiyo wananchi wa Jamhuri ya Shwari walitoka majumbani bila miavuli, wakatembea taratibu wakilowa, na walipokutana njiani walifuta nyuso zao na kuambiana kwamba joto la leo limezidi.

"Habari za jua, Yustina?" Mama Sabina, jirani, alimsalimu kutoka ng'ambo ya ua, kanga imemganda mwilini.

"Linachoma," Yustina alijibu, huku akianua nguo ambazo zilizidi kulowa kwenye kamba.

Yustina alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa makamo, hakuolewa, na aliishi na mama yake mzazi, Bibi Leokadia, katika nyumba ya vyumba viwili upande wa juu wa mji. Mama yake alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Ulianza kwa vitu vidogo: chumvi ikatiwa mara mbili, sufuria ikaungulia jikoni, funguo zikakutwa ndani ya unga. Baadaye akaanza kumwita Yustina "wewe binti". Siku moja akamuuliza kwa adabu kabisa kama anajua Yustina amekwenda wapi.

Mtu mmoja tu hakumtoka kichwani, naye ni mwanawe Kornelio. "Kornelio hajala," alisema kila chakula kilipotengwa, akaisukuma sahani. Alikuwa amebaki mifupa.

Kornelio hakuwapo. Kwa mujibu wa Serikali, hakuwahi kuwapo. Miaka mingi nyuma, akiwa kijana, alisimama uwanjani kwenye Sherehe za Utulivu akamuuliza Mlezi Mkuu wa Taifa bomba la maji litafika lini. Mlezi Mkuu alitabasamu. Watu wawili waliovaa vizuri walimshika Kornelio mikono, mmoja huku na mwingine huku, kama wapambe wa bwana harusi, wakatoka naye. Familia ilipouliza kituoni iliambiwa kwamba hakuna raia wa jina hilo, na kwamba hata swali lenyewe halikuulizwa, maana maji yalikwishafika.

Watu wa upande ule wa mji wana desturi yao. Jioni, baada ya rozari, huwaombea kwanza wasafiri, na wakati huo mlango huachwa wazi ili aliye njiani akifika asipige hodi kama mgeni. Kisha mlango hufungwa, ndipo huombewa marehemu, maana wao wamekwisha kufika. Kila nyumba inajua ni jina gani hutajwa mlango ukiwa wazi, na jina gani ukiwa umefungwa.

Nyumba ya Bibi Leokadia haikujua. Kila jioni Yustina aliwataja wasafiri wa jumuiya, akaenda mlangoni, akashika kitasa, na jina la kaka yake likamshinda. Akimtaja mlango ukiwa wazi, labda anamnyima marehemu sala yake. Akimtaja ukiwa umefungwa, labda anamzika mtu aliye hai. Basi alisimama pale, mlango nusu, akasema moyoni: Bwana, wewe unajua pa kumweka. Kisha akafunga, akaendelea na jina la baba yake.

Asubuhi hiyo ya jua la kulowesha, Bwana Mkunde, Afisa Ukumbusho wa kata, alipiga hodi akiwa amekumbatia kisanduku alichokifunika kwa nailoni.

"Nimekifunika kisiharibiwe na jua," alieleza.

Wizara ya Ukumbusho na Faraja ya Wazee ilikuwa mpya. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwaita wataalamu wachague jina la kile kitakachokaa ndani ya visanduku. Wengine walitaka kiitwe akili bandia, wengine akili mnemba, wengine akili unde. Walibishana tangu mahindi yanapandwa mpaka yanavunwa. Mwishowe Mlezi Mkuu akaamua kiitwe Akili ya Serikali, kwa sababu, alisema, Serikali haikuwa nayo. Hakuna aliyecheka.

Baada ya hapo ujumbe mkubwa ulipelekwa ng'ambo kujifunza namna ya kuwatunza wagonjwa wa kusahau. Ulirudi na masanduku mengi na sentensi moja: Mgonjwa asibishiwe. Tuseme kweli mbele za Mungu, ilikuwa sentensi nzuri. Mzee anayemtafuta mama yake aliyekufa zamani haponi kwa kuambiwa kwamba alikufa. Huumia kama ndiyo kwanza apewe habari, kesho akasahau, akaumizwa tena. Ni bora kumwendea pale alipo na kumshika mkono. Wizara iliipenda sentensi hiyo hata ikaifanya sheria: mtumishi yeyote wa umma atakayembishia mgonjwa wa kusahau atafukuzwa kazi, kuanzia tarishi hadi Waziri.

"Shikamoo, bibi," alisema Mkunde.

"Marahaba, baba. Umemwona Kornelio huko njiani?"

Mkunde aliijua sheria. "Nimemwona, bibi. Anakuja."

Yustina akamtazama. Mkunde akatazama viatu vyake, kisha akaanza maelezo upesi upesi.

"Hiki kinaitwa Mwandani. Kitamkumbusha dawa, kitamkumbusha kula. Kitamwonyesha msalani ni wapi. Akiacha jiko linawaka, kitasema. Na kinasema kwa sauti ya mtu anayempenda, maana mzee hutii sauti anayoijua. Haya bibi, tukuwekee sauti ya nani?"

"Ya Kornelio."

"Binti yako huyu hapa, bibi. Tungeichukua yake sasa hivi."

"Huyu binti ni mwema sana," alisema Bibi Leokadia, "lakini simfahamu. Niwekee Kornelio."

Yustina, aliyekuwa ameketi kwenye cherehani yake, akaingilia. "Afisa, huyo hana sauti kokote. Mlisema hakuzaliwa."

"Basi itakataa yenyewe," alisema Mkunde, akaandika jina kwenye simu yake.

Haikukataa. Kisanduku kiliwasha taa ya kijani, kikakohoa.

"Shikamoo, mama," kikasema.

Mguu wa Yustina ulikuwa kwenye pedali ya cherehani, nayo ikajiendea yenyewe, sindano ikashona hewa. Bibi Leokadia wala hakushtuka.

"Marahaba. Umechelewa. Chakula kimepoa."

"Nisamehe, mama. Wewe kula, mimi niko hapa."

Akala. Alikula ugali wote na mboga yote, akapangusa sahani kwa kidole, akaomba maji. Yustina alitoka uani akalia kwenye manyunyu, na kwa kuwa kulikuwa na jua, kila aliyepita alijua ni jasho.

*

Lazima kisanduku kitendewe haki. Kilikuwa na subira kuliko mtu. Bibi Leokadia aliweza kuuliza leo ni siku gani tangu kifungua kinywa hadi adhuhuri, nacho kikajibu kila mara kana kwamba swali ni jipya. Kilimkumbusha vidonge vyake. Kilimwambia, "Mama, kulia kwako, ule mlango wa bluu," naye akafika msalani bila aibu. Alinenepa. Siku moja alimwita Yustina kwa jina lake, mara moja tu, kisha likapotea tena, lakini Yustina alilishika lile mara moja kama mtu aliyeokota pete.

"Afadhali kisanduku," alisema Mama Sabina alipokuja kukiona. "Mume wangu yupo, mzima, na tangu anioe hajanikumbusha dawa hata siku moja. Hivi hawawezi kuja kumchukua, waniletee hicho?"

Alisema kwa mzaha, kisha akakumbuka yuko nyumba gani. Akaufunika mdomo wake kwa kanga.

Kilichomnyima Yustina raha ni sauti yenyewe. Kornelio alichukuliwa akiwa kijana, na sauti yake ilikuwa nyembamba, yenye mbio. Hii ilikuwa ya mtu mzima, ilikuwa na kokoto ndani yake. Kwenye herufi kama s na z ilipuliza upepo kidogo, kama ya mtu aliyeng'oka meno ya mbele. Nani alimfundisha Kornelio kuzeeka, ikiwa hakuzaliwa?

Mchana mmoja mama yake alipolala, Yustina alipiga magoti mbele ya meza, kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kuzungumza na asiyemwona.

"Kaka. Uko wapi?"

"Niko hapa nyumbani, Yustina."

"Kweli kabisa. Uko wapi?"

"Swali hilo halimo katika huduma," ilisema sauti ya kaka yake, kwa upole uleule. "Je, ungependa kunywa maji?"

Aliinama, akaweka sikio. Kisanduku kilipokuwa kimya hakikuwa kimya kabisa. Kulikuwa na mtu anapumua. Mbali nyuma yake kulikuwa na ndoo ya bati iliyoburutwa kwenye sakafu ya saruji, na mlango mzito uliofungwa taratibu na mtu asiye na haraka.

*

Kwaresima ilikuwa imefika katikati jioni ile Mwandani alipopatwa na mafua. Usemi wake ulitokea puani, na kati ya dawa ya presha na dawa ya mifupa alipiga chafya.

Yustina aliendelea na sala kwa sababu hakujua la kufanya. Aliwataja wasafiri. Alishika mlango nusu, akanyamaza, akafunga. Alikuwa ndiyo kwanza ataje jina la baba yake, Mkunde akapiga hodi, amekuja kukagua. Akamfungulia, na alipoingia akaurudishia mlango, kwa kuwa marehemu walikuwa hawajaombewa.

"Afisa, sauti ina mafua."

"Ni masasisho, dada," alisema Mkunde kwa fahari. "Visanduku vikilishwa sauti za zamani tu, vinaanza kuropoka. Kwa hiyo tunaletewa sauti mpya mara kwa mara. Serikali haimpi mzee kitu kilichochacha."

"Kwa hiyo mafua haya ni mapya."

"Mapya kabisa," alisema Mkunde. Ndipo akasikia alichosema.

Bibi Leokadia, kutoka kitini kwake, akasema, "Mpeni asali na tangawizi, huyo mtoto."

"Asante, mama," kikasema kisanduku.

Yustina aliongea polepole. "Mnaletewa kutoka wapi?"

"Mimi nagawa visanduku tu, dada."

"Wewe ni mtu wa huku. Mama yako alisali nasi katika chumba hiki. Sikuombi unionyeshe mahali. Naomba unitoe mashaka kwa neno moja, nimtaje wapi kaka yangu."

Mkunde aliichukua kofia yake, akaizungusha mikononi kama mtu anayetafuta mbele yake ni ipi. "Mimi nina watoto," alisema. "Usiniulize. Wewe sali tu."

"Sala ipi?"

Mkunde alikwenda mlangoni. Kila mtu wa upande ule wa mji, hata mtoto mdogo, akitoka kwenye nyumba ambayo haijawaombea marehemu wake, hufunga mlango nyuma yake. Mkunde aliufungua mlango wote mpaka ukagusa ukuta. Akainama, akachukua jiwe Yustina alilotumia kuzuia vitambaa visipeperuke, akaliweka chini ya mlango usiweze kujifunga. Akaenda zake mvuani bila kugeuka.

Mvua iliingia mpaka kwenye mkeka. Yustina hakuiona. Alisimama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya uwanjani alilitamka jina lile kwa sauti.

"Kornelio, mwana wa Leokadia, msafiri."

"Amina," ikasema sauti kutoka mezani, yenye mafua.

*

Habari ikaja kwamba Bibi Leokadia amechaguliwa kuwa Mgonjwa Bora wa Taifa. Hakuna katika Jamhuri nzima aliyekuwa amesahau vizuri na kutunzwa vizuri kama yeye. Waziri mwenyewe angekuja kumpongeza nyumbani kwake, na redio na televisheni zingerusha moja kwa moja.

Siku moja kabla, mtu aliyevaa vizuri alileta hotuba ya Yustina. Ilikuwa fupi, ya kushukuru.

"Utasema haya," alisema kwa adabu. "Ukiongeza neno, kisanduku kitarudi Wizarani kufanyiwa matengenezo. Matengenezo yetu huchukua muda. Sasa mama yako atakula na nani?"

Yustina hakulala vizuri. Kunyamaza ni mama kula, na kaka kuendelea kukohoa ndani ya kisanduku mpaka siku kikohozi kitakapokwisha. Kusema ni kuwapoteza wote wawili. Alimwomba Mungu ampe neno la tatu, na kulipokucha alikuwa bado hajapewa.

Jua liliwaka kwelikweli siku hiyo. Lakini Redio ya Taifa ilitangaza mvua ya baraka, kwa hiyo Waziri wa Ukumbusho alishuka garini chini ya mwavuli, na wasaidizi wake walikunja suruali zao. Jumuiya nzima ilijaa uani. Bibi Leokadia aliwekwa kitini, kisanduku mezani kando yake, kamera mbele. Mtu aliyevaa vizuri alisimama karibu na mlango, na mlango ulikuwa wazi, jiwe chini yake.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "zamani nchi hii ilisahau kiholela. Kila mtu alisahau alichotaka, kwa wakati wake, bila kibali. Leo tunasahau kwa mpango. Na kile tunachokikumbuka, tunakikumbuka kwa pamoja, kwa sauti moja, inayotoka mahali pamoja."

Watu walipiga makofi. Waziri alipandwa na furaha.

"Na sheria yetu haina mkubwa wala mdogo. Mimi mwenyewe siwezi kumbishia bibi huyu. Akisema mimi ni mpishi, leo napika. Jaribuni muone." Alimwinamia Bibi Leokadia, akatabasamu kuelekea kamera. "Bibi yangu, hebu niambie, mimi ni nani?"

Bibi Leokadia alimtazama usoni kwa muda, jinsi mtu anavyotazama nguo ambayo labda ni yake. Kisha akageuka.

"Wewe binti, huyu ni nani?"

Karatasi ya hotuba ilikuwa mkononi mwa Yustina. Alimwona mtu aliyevaa vizuri akitikisa kichwa kidogo sana. Alimwona Mkunde nyuma kabisa, kofia kifuani. Akasikia kisanduku kikivuta pumzi. Na neno alilolitafuta likaja lenyewe, jepesi, likakaa mdomoni.

"Mama, huyu ndiye aliyeondoka na Kornelio," alisema. "Ndiye atakayemrudisha."

"Kumbe ni dereva," alisema Bibi Leokadia, akafurahi. "Karibu, baba. Mbona umekuja peke yako?"

Tabasamu la Waziri lilibaki pale lilipokuwa, lakini mwenyewe alikuwa amekwisha kuondoka ndani yake. Alitazama kamera. Taa yake nyekundu ilikuwa inawaka.

"Ndiyo, bibi," alisema. "Mimi ndiye dereva."

"Mwanangu umemwacha wapi?"

"Yuko... yuko safarini, bibi."

"Hilo najua. Huoni mlango uko wazi? Nauliza utamleta lini."

"Hivi karibuni."

"Hivi karibuni si siku. Pasaka ni siku. Apate kula na sisi Pasaka."

"Bibi, masuala ya usafiri yana taratibu zake..."

"Mheshimiwa," alisema Mama Sabina kutoka kwenye umati, kwa unyenyekevu mkubwa, "bibi amesema Pasaka. Tunaomba usimbishie."

Mtu mmoja alicheka, akaacha. Mwenye mwavuli, kwa kuwa hakupewa amri nyingine, aliendelea kumkinga Waziri na jua, na chini ya mwavuli ule jasho lilimtoka Waziri kama mvua iliyotangazwa.

"Pasaka," alinong'ona.

"Sikusikia."

"Nimesema Pasaka, bibi."

Bibi Leokadia aliushika mkono wake kwa mikono yake miwili mikavu, na uso wake ulikuwa umetulia kuliko siku zote Yustina alizomtunza.

"Simama vizuri, baba, useme kwa sauti. Mimi nina ugonjwa wa kusahau. Sema na hawa wasikie, ili nikisahau wao wanikumbushe."

Waziri akasimama. Ua mzima ulikuwa kimya, na barazani redio ya Mama Sabina ilikirudisha kimya kile kilichokuwa kikirushwa nchi nzima.

"Nitamleta Kornelio, mwana wa Leokadia," alisema Waziri, "nyumbani kwa mama yake, akiwa hai, siku ya Pasaka."

"Tumesikia," jumuiya ikajibu.

Na pale mezani kikohozi kikatangulia, kisha sauti.

"Nami nimesikia, mama."